Kapita wa Njia za Ziwani

Msiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sijui, na aliyethubutu kumwuliza alirudishiwa swali: "Weye, unataka kunioa? Juu ya nini unatafuta baba yangu?" Sisi tulimwita Kapita. Kapita ni msimamizi wa kazi, yule anayesimama na kufoka wakati wengine wameinama, na hapa kwetu Kamina ni cheo cha wanaume. Yeye alikuwa mama, tena mama wa kwaya, Jumapili amefunga kitambaa cheupe kichwani kama wenzake. Lakini siku za kazi alikuwa Kapita, na ukimwita jina lingine hakuitika.

Kazi yake ilikuwa kututembeza. Sisi wauza samaki wa Kamina tulikuwa tunapanda treni mpaka Bukama, na treni ikikataa, maana hukataa ipendavyo, tunabembeleza lori. Kutoka pale kwenda maziwani hakuna gari. Kuna vijia vya miguu tu. Vinapanda vilima vya mawe, vinaingia msituni, vinashuka kwenye matete, vinazunguka ziwa, vinaingia tena msituni, na kila baada ya kitambo vinagawanyika. Ukikosea njia panda moja, unaishia kwenye tope la kukumeza au mikononi mwa watu wa porini, wale wanaume wenye bunduki, mapanga na hirizi ambao wametuua miaka na miaka. Kapita alikuwa na vijia vyote hivyo kichwani mwake. Tulimfuata na mabeseni yetu ya samaki mkavu, na sehemu yake tulimpa kwa samaki.

Niseme mapema ninachokitafuta humu, mtu asije akafikiri namsifu marehemu. Kwanza hajafa. Pili, dada yangu mkubwa amelala kule, kando ya matete, na Kapita ndiye aliyefunga njia siku ile. Kwa miaka yote hii nimetaka kujua kitu kimoja tu: alipoifunga, alijua kwamba dada yangu anakuja nyuma, au hakujua? Watu wananiambia, mama, achana na hayo, mwachie Mungu. Siachi.

Kufunga njia ni desturi ya huku. Kundi la mbele likifika njia panda, linakata tawi bichi na kulilaza juu ya kijia kisichopitwa. Anayekuja nyuma akiona tawi, haulizi, anashika kijia kingine. Majani yakinyauka, amri imekwisha, kila mtu atumie akili yake. Hata watoto wanajua. Kapita alikuwa analaza tawi, anakandamiza shina kwa jiwe, halafu anatema mate kando, na ole wako uliruke.

Kuna kijana mmoja wa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, aliliruka tawi lake mbele ya macho yetu. Alikuwa na haraka, alikuwa na nguvu, na alikuwa na mdomo. Alisema yeye hapangiwi njia na mama mzee. Kapita alichomoa pampu ya kinga yake yenyewe akampiga nayo begani, mgongoni, kwenye magoti, mpaka kijana akaanguka chini pamoja na magunia yake. Halafu akamwonyesha kule alikokuwa anaelekea. Kulikuwa na mguu wa binadamu kwenye majani, na kiatu chake. Kijana alitapika. Kapita akamrudishia pampu na kumwambia aipanguse.

Alikuwa anapiga, sitaficha. Ukiongea njia panda, kofi. Ukiacha beseni chini bila kuambiwa, kofi. Mama mmoja wa Kikasai, ambaye familia yake ilikwisha kufukuzwa hapa enzi zile za fujo za kuwatimua watu wa Kasai na yeye akarudi kwa ukaidi, alikuwa anasema amepigwa na watu wengi katika maisha yake lakini hakuna aliyempiga kwa moyo safi namna ile. Tulicheka sana. Ni huyohuyo siku moja aliteleza kwenye tope, beseni likazama, akakaa palepale akilia kwa sauti. Kapita alimzaba makofi mawili. "Utalia ku nyumba! Hapa ni mu pori!" Kisha akavua kitenge chake, akaingia kwenye lile tope mpaka kifuani, akapapasa kwa miguu, akalipata beseni. Alilibeba yeye mwenyewe safari iliyobaki, na samaki walionuka tope alisema ni wake, akampa mama wa watu samaki wake mwenyewe waliokuwa wazima.

Sasa ebu niambieni mtu huyo ni wa aina gani. Panga lake lilikuwa halitoki mkononi, lakini samaki aliye hai akirukaruka kwenye mtumbwi, Kapita aligeuza uso. Hakuweza kutazama kambale akipigwa rungu kichwani. Wavuvi wa kule ziwani walikuwa wanamtania, wanamletea kambale anayehema mpaka puani, naye anapiga kelele na kukimbia kama binti. Na kwenye kwaya alikuwa na sauti nyembamba, ya aibu, ambayo mwalimu wa kwaya aliomba kila wiki aiongeze. Mwalimu yule hakuwahi kumsikia msituni. Mimi nilimsikia.

Nilimsikia siku ya kivuko. Kuna kijito chenye gogo la kuvukia, upande wa pili ni msitu mzito. Wanaume wawili walitutokea pale, mmoja na panga, mmoja na mkuki. Hawakuwa hata watu wa porini wenyewe, walikuwa wezi wa njaa tu waliojifunga vitambaa vyekundu ili tuogope. "Bamama, muache mabeseni, muende," mwenye panga akasema, kwa upole kabisa. Dada yangu alikwisha kuinama kushusha lake. Alikuwa mtu wa amani, dada yangu, alikuwa anasema samaki wanavuliwa tena, mtu havuliwi tena. Kapita alipiga ukelele ambao sijausikia tangu siku ile na sitaki kuusikia, akapita juu ya gogo akikimbia, na panga lake likamwingia yule mwanaume kati ya shingo na bega. Lilikwama. Alimkanyaga kifuani ili alichomoe. Mwenye mkuki aliutupa na kukimbia. Yule aliyekatwa alikaa kwenye maji, anatushangaa sisi sote, anajaribu kuziba kwa kiganja, maji yanageuka mekundu kuzunguka kiuno chake. Hakukawia kufa.

Tulivuka hivyohivyo kando yake. Tulipopumzika, dada yangu alimwambia Kapita, "Ulikuwa unaweza kuwapa samaki, mama. Alikuwa mutoto wa muntu."

Kapita alikuwa anasugua panga kwa mchanga. "Na beseni ya leo ukimupa, kesho atakuomba nini?"

"Kesho ni ya Mungu."

"Bon. Basi leo njo ya mimi."

Walikuwa hivyo wawili hao, maneno yao hayakuisha. Mtu asiyewajua angefikiri wanachukiana. Lakini Kapita hakuwahi kumpiga dada yangu hata mara moja, na pale kundi lilipokuwa kubwa, likabidi kugawanywa, aliyepewa kuongoza la nyuma ni dada yangu. "Yeye anasoma tawi yangu muzuri," Kapita alisema. Dada yangu alifurahi wiki nzima kwa hilo neno moja. Mimi nilimwonea wivu, nakiri.

Nawaeleza sasa siku yenyewe. Sipendi kuieleza lakini bila hiyo hamtaelewa kitu.

Tulikuwa tunarudi kutoka ziwani. Samaki wa dada yangu na wa wenzake walikuwa bado wabichi juu ya moto, kwa hiyo tulikubaliana: sisi tutangulie alfajiri na Kapita, wao walale tena usiku mmoja, watoke kesho yake. Kila mtu alisikia hivyo. Mimi nilikuwa na mtoto wangu mgongoni, bado ananyonya. Asubuhi ileile ya kuondoka, tumepumzika chini ya mawe, mwanaume mmoja wa kinga akatupita akitokea hukohuko ziwani. Alisimama akaongea na Kapita pembeni, kwa Kiluba, upesiupesi. Sisi watoto wa reli tumekulia kwenye Kiswahili, Kiluba chetu ni cha kuombea maji tu, na tena walikuwa mbali. Niliona Kapita anatikisa kichwa. Yule akaenda zake, naye akatuamrisha tubebe.

Walitutokea kabla jua halijasimama, pale kijia kinapoacha matete na kuanza kupanda. Watu wa porini wenyewe safari hii. Mama wa Kikasai alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Sikuona alivyokatwa, nilisikia beseni lake linagonga mawe, nikageuka, nikaona kichwa chake kimelala vibaya, na mwanaume anaruka juu yake kutufuata. Risasi zikaanza. Tulitupa mabeseni tukakimbia, majani yanatuchana nyuso. Kapita alibaki nyuma yetu, na mwanaume mmoja aliyemkaribia sana, Kapita alimkata usoni, panga lake likatoka na jino. Ndipo tukafika njia panda.

Kijia kimoja kinapanda juu mgongoni mwa kilima, ndani ya msitu, kwenda relini. Kingine kinashuka tena kufuata matete. Tulishika cha juu. Kapita alikata tawi, kwa pigo moja, akalilaza juu ya kijia kilekile tulichokanyaga sisi. Akaweka jiwe. Hata mate alitema. Nilimwona kwa macho yangu na sikuelewa, nilifikiri hofu imemchanganya. Akatusukuma kwenye majani marefu, akanirarua blauzi kwa mkono wenye damu, akamkandamiza mtoto wangu kwenye titi. "Akilia, tumekufa."

Wale wanaume walifika wakihema. Ni watoto wa huku, wanaijua desturi kama sisi. Mmoja akaangalia tawi akasema, "Banapita chini." Wakashuka chini wote. Mungu wangu! Nilitaka kumbusu yule mwanamke miguu. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kulaza tawi la uongo, na kwa ajili yetu alililaza.

Baadaye alituambia tusitikisike, yeye anakwenda kuangalia kama wameondoka. Alikawia. Tukiwa tumelala mle kwenye majani tukasikia risasi kule chini, na sauti za watu. Tukasema basi, Kapita amekufa. Mimi nililia nikiwa nimeuma kitenge. Aliporudi mzima, damu ya mtu imemkaukia kifuani, nilimkumbatia na kumshukuru Mungu kwa sauti, na alinipiga kofi la kunifanya nione giza. Akatuongoza mpaka relini.

Dada yangu alikuwa hakulala ziwani. Samaki walikauka mapema, upepo ulikuwa mzuri, akasema waondoke, watatukuta njiani. Mmoja tu wa kundi lake alirudi, amekatwa sikio, alitambaa kwenye tope mpaka akaokotwa na wavuvi. Ni yeye aliyetueleza, amekaa kwenye mkeka kwetu.

"Tulimukuta mama wa Kikasai amekufa mu njia, tukakimbia, tukafika ku njia panda. Tukamuambia yaya yako, chini kunanuka moshi. Akaangaria tawi. Akasema, Kapita anafunga juu, donc njia iko chini. Njo tukapita."

Yaya, kwetu, ni mkubwa wako. Nilimwita hivyo tangu nijue kusema. Walimkata mikono kwanza, huyo mama alisema, kisha nikamwomba anyamaze.

Kapita alikuja msibani. Alikaa chini mlangoni, kwenye vumbi, hakuomba kiti. Shemeji yangu alimtupia kigoda kikampata kwenye nyonga, akakiokota, akakiweka kando, akaendelea kukaa. Watu walinong'ona mambo mawili. Wengine walisema, masikini, hakujua, si walikubaliana watoke kesho yake? Wengine wakasema, na yule mwanaume wa kinga? Hakuna aliyemwuliza. Hata mimi sikumwuliza. Nilikuwa na hasira ya kuweza kumuua, na nilikuwa nanyonyesha mtoto ambaye yeye alikuwa amemwokoa. Hasira ya namna hiyo unaielekeza wapi?

Tangu hapo hakuongoza mtu tena. Vijia vya ziwani vilibaki, wengine wanavipita, wengine wanafia humo. Mimi nilihamia kuuza mafuta ya mawese, sikurudi. Nilikuwa namwona kanisani, kwenye kwaya, na nilikuwa nakaa upande mwingine. Alinenepa. Halafu miguu ikamvimba, akaacha kuja.

Mwaka huu, majuzi tu, nilikwenda. Hakuna aliyenituma. Mtoto wangu alikuwa ameniuliza shangazi zake ni wangapi na mama zake wakubwa ni wangapi, kazi ya shule, na nilipofika kumhesabia dada yangu, nikaona basi, leo leo. Kapita anaishi kwa kaka yake, kwenye zile nyumba za reli nyuma ya gare, stesheni ya treni. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachambua mchicha ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Mchana mweupe. Mke wa kaka yake alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, jikoni.

"Mama Béa," aliniambia, kama tuliagana jana. Béa ndiye mtoto wangu. "Kaa."

Sikukaa. "Kapita, ule muntu wa kinga, asubuhi ile, alikuambia nini?"

Hakujifanya hajui. Niliogopa atajifanya hajui, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tu. "Aliniambia yaya yako na benzake banatoka ku ziwa. Banakuya nyuma yetu."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Nilisikia mwiko ukisimama jikoni. Nilitaka kuondoka, nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta, lakini yeye alikuwa hajamaliza. Aliweka mchicha chini.

"Nilisema, wako mbali, nitarudi kutoa tawi kabla bafike. Njo maana niliwaacha mu majani. Nilishuka. Nilipofika ku jiwe kubwa, nikawaona. Tayari bako pale. Yaya yako iko mbele, na beseni ya bluu. Anageuka ku njia ya chini."

"Karibu?"

"Karibu. Naona jasho ya mu shingo yake."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga kinywa."

Nilidhani nimesikia vibaya, jamani. Nilimwambia arudie. Akarudia, kwa sauti ileile ya kwaya, nyembamba. "Nilifunga kinywa. Bale bantu balikuwa palepale mu matete, bamekaa, banavuta moshi. Kama naita, yaya yako anasikia, na bale banasikia. Banapanda juu. Mulikuwa juu, na mutoto wako alikuwa anaanza kulia. Nilimusikia mutoto wako kutoka pale, Mama Béa. Nikamuangaria yaya yako mupaka matete ikamufunika."

Nilimpiga. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe, na nikampiga tena na tena, kofi, ngumi, chochote, mpaka kiti kikayumba na ndoo ikabingirika. Mwanamke ambaye alikata mtu shingo juu ya gogo hakuinua hata kidole kujikinga. Mke wa kaka yake alitoka mbio na mwiko mkononi, unga unamdondoka.

"Muache," Kapita alimwambia. "Muache amalize."

Nilisimama, sina pumzi. Mdomo wake ulikuwa unavuja damu kwenye kitenge. Alinitazama, na hapo ndipo aliponiuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kweli kujua na hakuwahi kupata wa kumwuliza.

"Weye, na mutoto mugongoni, weye ungemuita?"

Nilifungua kinywa. Kichwani mwangu nilimwona Béa anarudi kutoka shuleni na mfuko wake, soksi moja imeshuka, anaita tangu njiani kama kuna chakula. Nilimwona dada yangu na beseni lake. Nikakifunga.

Nikampiga mara moja ya mwisho, kwa sababu nilikuwa najua jibu.

Halafu nikakaa chini. Mke wa kaka yake alirudi jikoni. Alileta maji ya kunawa, akaweka bukari katikati yetu na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa na mawese na samaki mkavu, akasema, "Mukule kwanza." Kapita alinawa damu, akamega, akaniachia upande wenye samaki. Nikala sahani moja na mwanamke aliyemnyamazia dada yangu, na sikuacha hata tonge.